Kilemba cha Msichana wa Vermeer

Walimwengu wamezoea kuitazama hereni. Johannes Vermeer alipomchora msichana huyu, yapata mwaka 1665, hakutuachia jina lake wala ukoo. Na picha yenyewe, iliyomo katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague, ilipata kuitwa Msichana mwenye Kilemba kabla ya lulu kunyakua sifa zote.

Nasi tuiiteje nguo ile? Mfasiri mwenye haya ataandika ushungi, au mtandio, na hapo atakuwa amemvika binti stara asiyoikusudia: unywele hata mmoja hauonekani, kweli, lakini sikio li wazi na midomo imeachana. Neno ni kilemba, liwake lisiwake. Kwetu ni vazi la wanaume. Kwa Waholanzi wa karne ya 17 lilikuwa vazi la Waturuki. Msichana wa Delft hakwenda sokoni hivyo. Mvue, atabaki binti wa mtaa fulani, ana wazazi, pengine na mposaji. Mwachie, hatumjui.

Tena thamani iko huko kichwani. Buluu ile ni jiwe la lapis lazuli lililosagwa, lililotoka Afghanistan, ghali mno zama hizo. Lulu, je? Ni mapigo machache ya rangi nyeupe, hata kikulabu cha kuitundika sikioni haina. Uchunguzi uliotangazwa 2020 ulilithibitisha hilo. Lulu ndiyo iliyovishwa kilemba cha ukoka. Nayo ile ncha ya manjano, inayoshuka nyuma ya shingo, bado yangoja mshairi wake.