Bwana, Mtumishi na Kabibi: Maoni juu ya Filamu "La Vie est belle"

Futuhi ya mapenzi ina desturi kongwe ya kuwakutanisha watu wasiolingana kwa cheo, mmoja mwenye kuamuru na mwingine mwenye kuamriwa, kisha kuyaacha mapenzi yauvuruge mpango huo. Katika sinema ya Kongo desturi hiyo ilipata umbo mashuhuri mwaka 1987, katika La Vie est belle, filamu iliyoongozwa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa upande ambao muziki wake mtamu hutusahaulisha, yaani upande wa kazi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kourou, anayeigizwa na Papa Wemba (aliyefariki mwaka 2016), ni kijana wa shamba aliyeingia Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Riziki inamfanya awe mtumishi wa nyumbani kwa Nvouandou, tajiri mwenye klabu ya usiku. Tajiri huyu amepungukiwa na nguvu za kiume, na mganga anamshauri aoe mwanamwali. Anayemtamani ni Kabibi, ambaye Kourou naye amekwisha kumpenda. Basi bwana na mtumishi wanamgombea msichana mmoja.

Kejeli ya filamu imejengwa barabara. Mtu anayeamuru kila mtu nyumbani hawezi kuuamuru mwili wake mwenyewe. Tukumbuke kwamba Zaire ya 1987 ilikuwa nchi ya chama kimoja, na kumcheka mkubwa hadharani halikuwa jambo dogo. Watungaji hawakumtaja waziri wala chama. Walipitia mlango wa chumba cha kulala, nasi tukacheka.

Mazungumzo ni ya Kifaransa. Kiswahili tunakikuta katika jina la msichana. Katika Kiswahili cha Kongo "bibi" ni mke, na kiambishi "ka-" ni cha udogo. Kabibi basi ni mke mdogo, jambo lile lile analolitafuta Nvouandou aliye na mke tayari. Sidai kwamba watungaji walikusudia hivyo, kwani jina hilo ni la kawaida kwetu. Hata hivyo sikio la msemaji wa Kiswahili haliwezi kulipita.

Neno la pili halimo katika filamu bali katika vinywa vya watazamaji. Kule Katanga na Lualaba mfanyakazi husemwa kuwa "anatumika". Katika Kiswahili Sanifu kitenzi hicho hutajia chombo: kisu hutumika, kamba hutumika. Nilipoitazama filamu hii Kisenge pamoja na jamaa, vijana walicheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee mmoja mstaafu wa machimbo hakucheka. Aliuliza huyu Kourou anatumika kwa mshahara gani, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Swali lake lina asili yake. Manganizi ya Kisenge ilisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata njia hiyo mwaka 1975. Kwa mtu wa mji wa namna hiyo bwana si tajiri mmoja mwenye suti, bali ni kampuni: nyumba unayolala ni yake, na hospitali ni yake pia. Bwana huyo hana chumba cha kulala tuwezacho kukichungulia.

Hapa ndipo naona udhaifu wa filamu. Kourou anamshinda bwana kwa kuacha kuwa mtumishi: sauti yake inamtoa jikoni na kumpandisha jukwaani. Utumishi wenyewe unabaki ulivyokuwa, ukimngojea kijana mwingine wa shamba asiyejua kuimba. Tulinganishe na André Yav, aliyeandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Huko mtumishi hatoki jikoni. Anasema akiwa humo humo, na mabwana wanahukumiwa na mtu aliyewapikia. Kuna ucheshi pia, ingawa ni mchungu.

Tena, Kourou angalau anaweza kuondoka. Kabibi yeye amepangiwa dawa ya ugonjwa usio wake, na maneno ya mganga yanamfikia kama amri ya kazi. Filamu inampa hatimaye mwanamume anayemtaka, jambo ambalo ni la kusifiwa. Ila inampa kwa haraka, wimbo ukiwa umekwisha kuanza, na hatupati nafasi ya kumsikia akimwambia Nvouandou kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hataki.