Kiswahili cha Mtangazaji wa Mpira: Mchango wa Leonard Mambo Mbotela

Wachunguzi wa fasihi-simulizi wamezishughulikia sana ngano, methali, nyimbo na majigambo. Utanzu mmoja wameuacha nje ya ua, nao ni utangazaji wa mpira redioni. Sababu inayotolewa ni kwamba maneno ya mtangazaji hutoweka mara kipenga cha mwisho kipulizwapo. Sababu hiyo haitoshi, maana hata ngano hutoweka msimulizi anyamazapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utangazaji huo ni sanaa ya lugha yenye kanuni zake, na kwamba kazi ya Leonard Mambo Mbotela, mmoja wa waanzilishi wake katika Kenya huru, haina budi kupimwa kwa vipimo vya sanaa.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940 huko Freretown, Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru, ambayo habari zake zilisimuliwa na James Mbotela katika Uhuru wa Watumwa (1934). Kiswahili kilikuwa lugha yake ya nyumbani. Hata hivyo, uandishi wa habari aliuanzia bara, mjini Nakuru, kabla ya kujiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Jambo hilo lina maana kwa mhakiki. Nakuru ni mji wa reli uliozungukwa na mashamba makubwa yaliyovuta vibarua wa makabila mengi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya kazi, na mara nyingi lugha ya kupokea amri. Mpira uliwapa sababu nyingine ya kukisikiliza. Timu ya Nakuru All Stars ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, ikautwaa tena mwaka 1969. Na uwanja mkuu wa mji huo, Afraha, una jina la Kiarabu lenye mzizi mmoja na neno la Kiswahili furaha.

Msikilizaji aliyeketi Molo au Gilgil hakuweza kuuona mchezo uliochezwa Nairobi. Ilimbidi mtangazaji amjengee uwanja kwa maneno. Kanuni ya kwanza ya sanaa hii, basi, ni ya mahali. Watangazaji walizoea kuifanya redio yenyewe kuwa kiwanja, timu moja ikishambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio ya msikilizaji. Juu ya ramani hiyo vionyeshi vya Kiswahili vilifanya kazi kubwa: mpira ukiwa kule katikati, ukisogea pale wingi ya kulia, hata ukafika ndani ya kumi na nane, msikilizaji alijua umbali wa hatari kwa neno moja tu.

Kanuni ya pili ni ya wakati. Msimulizi wa ngano hutumia kiambishi -ka- kwa sababu anaujua mwisho wa kisa chake. Mtangazaji haujui. Yeye hutegemea -na- kwa tendo linaloendelea na -me- kwa tendo lililotimia, na kati ya "anapiga" na "umeingia" pana pengo dogo ambamo maelfu ya watu hushikilia pumzi. Mchezo ukishika kasi, vitenzi huachwa kabisa na kubaki majina ya wachezaji, moja baada ya jingine. Hapo kule kupokezana kwa majina ndiko pasi zenyewe. Ni mbinu ambayo sarufi za darasani hazijaieleza vya kutosha.

Kanuni ya tatu ni ya sifa. Kenya ilipotwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, golikipa Mahmoud Abbas alijulikana nchini kote kwa jina la Kenya One. Jina la sifa la namna hiyo ni ndugu wa majina ya majigambo: humpa shujaa cheo, na humwezesha mtangazaji kusimulia matendo mengi kwa pumzi moja.

Mbotela hakuyabuni haya yote peke yake, wala haifai kumpa mtu mmoja sifa za kizazi kizima cha watangazaji. Mchango wake ni ufasaha uliodumu ndani ya kasi. Alikiweka Kiswahili cha pwani masikioni mwa watu wa bara bila kuwadharau, na bila kukivunja ili kiwaelee. Leo mtu wa Nakuru anayemkwepa mdai wake husemekana amempiga chenga. Msamiati wa uwanjani umekuwa msamiati wa maisha.

Lakini uhakiki wa haki sharti uuone na upungufu. Timu ya taifa inapocheza, mtangazaji huhama kutoka nafsi ya tatu hadi "sisi". Nafsi hiyo ni tamu, nayo ina mipaka. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimlazimisha Mbotela kusoma tangazo lao redioni: sauti iliyoaminika iliweza kutekwa. Na mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, majirani wa Nakuru na Bonde la Ufa waliowahi kushangilia bao moja walifukuzana kwa misingi ya kabila. "Sisi" ya uwanjani haikuwazuia. Ilikuwa imewafundisha kushangilia pamoja; kuzungumzia ardhi na haki ilikuwa kazi ya wengine, ambayo haikufanywa.

Wapo wanaosema kwamba televisheni imeimaliza sanaa hii. Michezo ya video inawakanusha. Katika mfululizo wa FIFA, ulioanza mwaka 1993, mchezaji huona kila kitu na huwaendesha wachezaji kwa vidole vyake mwenyewe, na bado watengenezaji waliona haja ya kurekodi sauti za watangazaji. Maana yake ni kwamba sauti hiyo haikuwa badala ya macho tu, bali ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025. Rambirambi zilimtaja zaidi kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Idara za Kiswahili zina deni jingine: kukusanya kanda za mechi zilizosalia, kuzinukuu neno kwa neno pamoja na vituo vyake, na kuwahoji wazee wa Nakuru, Njoro na Molo waliosikiliza. Hapo ndipo utanzu huu utakapoweza kufundishwa kwa mifano yake wenyewe, kama zinavyofundishwa ngano.