Kilomita 400 za Nissan Leaf hazitoshi kwenda Mbeya na kurudi

Kama uko Tunduma na umeweka akiba ya kununua gari dogo lililotumika Japani, huenda umeshatumiwa hesabu hii kwenye simu. Upande mmoja gari la petroli lenye buti, tuseme Toyota Axio au Premio. Upande wa pili Nissan Leaf, gari fupi la umeme. Mafuta ya kilomita 100 ni shilingi 21,000, umeme wa kilomita 100 ni shilingi 7,000. Halafu unaambiwa chaji moja inakwenda kilomita 400, kwa hiyo mwenye akili ahame.

Hesabu hiyo imemfikia rafiki yetu mmoja, wakala wa forodha pale mpakani. Kila mwezi anampeleka mama yake kliniki Mbeya, na pesa ya gari anayo ya kununua mara moja tu. Alituuliza swali jepesi: hii hesabu ni kweli? Jibu letu ni kwamba nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki inaweza kumlaza njiani yeye na mama.

Tuanze na iliyo kweli. Gari la petroli la saizi hiyo hunywa kama lita 7 kwa kilomita 100. Weka lita shilingi 3,000, unapata 21,000. Leaf hutumia kama uniti 20 za LUKU kwa safari hiyohiyo, tukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji. Weka uniti shilingi 350, unapata 7,000. EWURA wakibadilisha bei ya mafuta mwezi ujao, badilisha na wewe, ila pengo halitafutika. Sababu ni ya kifizikia. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, kwa hiyo lita 7 ni kama uniti 63. Injini inatumia robo hivi kusukuma gari. Nyingine inaishia kuwa joto kwenye rejeta na ekzosi. Mota ya umeme haina upotevu mkubwa namna hiyo.

Kuna mawili zaidi ambayo hesabu ya kwenye simu haikuyataja, na yote yanaisaidia Leaf. Tunduma iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu yake. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haijali. La pili ni baridi yetu. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinachoka mapema mno. Hapa kwetu betri inapumua kuliko huko, na hata kuliko Dar es Salaam.

Sasa ile 400. Hiyo namba haikupimwa barabarani. Leaf yenye betri ya uniti 40 ilipewa kilomita 400 kwa kipimo cha Japani kiitwacho JC08, gari likizungusha magurudumu juu ya rola maabara. Wastani wa mwendo wa kipimo hicho ni kama kilomita 24 kwa saa. Yaani bodaboda ya Tunduma mjini inakupita! Gari hilohilo, betri hiyohiyo, Wamarekani walipolipima kwa taratibu zao lilipata kilomita 243. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alipima safari tofauti.

Sasa tupime safari ya rafiki yetu. Gari limetumika, tuseme betri imebaki na asilimia 85, yaani uniti 34. Hutaki kufika sifuri, acha akiba kidogo, zinabaki kama 30. Barabarani, kwa mwendo wa kawaida wa TANZAM, uniti 17 kwa kilomita 100. Gawanya: unapata kama kilomita 175. Kwenda Mbeya na kurudi ni karibu 220.

Na hapo hatujapanda mlima. Ukitoka Tunduma unashuka kuelekea bonde la Songwe, halafu unapanda tena kupitia Mbalizi hadi Mbeya. Gari lenye watu wanne linakula karibu nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda. Ukishuka mota inarudisha sehemu ya hiyo nishati, si yote.

Utasema hata namba za mafuta za magari ya Japani zilitoka kwenye JC08 hiyohiyo. Ni kweli, nazo zinapendeza kuliko barabara. Lakini angalia kosa hilo linakufanya nini. Kwenye petroli linakugharimu pesa: umeambiwa litakunywa lita 5, limekunywa 7, unaingia sheli ya Vwawa unaongeza, safari inaendelea. Kwenye umeme kosa hilohilo linakugharimu safari yenyewe. Hesabu ya kwenye simu imeyapima magari yote mawili kwa shilingi, wakati la pili lilitakiwa lipimwe pia kwa kilomita. Hapo ndipo ilipokosea.

Basi anunue lipi? Tulimwuliza maswali mawili. La kwanza: una soketi yako, uani kwako, yenye ethi nzuri, unapoweza kulaza gari usiku? Soketi ya kawaida inatoa kama uniti 2 hivi kwa saa, hivyo kujaza betri hii ni zaidi ya usiku mmoja. La pili: Mbeya una ndugu wa kukupa umeme? Saa nne za kusubiri kliniki zinaingiza uniti kama 8, sawa na kilomita 47. Zinatosha kukurudisha, kwa tabu, kama umeme haujakatika siku hiyo.

Soketi anayo. Ndugu Mbeya hana. Tukamwambia achukue la petroli, na tulisema bila furaha, maana kwa kilomita 1,000 kwa mwezi anaacha kama shilingi 140,000 mezani. Kama safari zako wewe ni nyumbani, mpakani, sokoni na Vwawa mara mojamoja, jibu linageuka: chukua Leaf. Ila kabla ya kulipa, dai picha ya dashibodi inayoonyesha vibao vya afya ya betri, ambavyo gari jipya huwa navyo 12. Kisha andika safari yako ndefu kuliko zote za mwezi, na uigawe mwenyewe.