Barua Iliyobebwa na Konokono

Kitabu chenyewe nilikipata katikati ya Nairobi, kwenye turubai la muuza vitabu wa kando ya barabara, pale ambapo lazima uiname ndio uone unachonunua. Shilingi 150. Pembe za jalada zimekunjika, na ndani kuna muhuri wa maktaba ya shule fulani ya Marekani ambayo iliamua haikihitaji tena. *Frog and Toad Are Friends*, maandishi na michoro ya Arnold Lobel, 1970. Kurasa 64, hadithi fupi tano, vyura wawili waliovaa koti na suruali. Nilimnunulia mpwa wangu wa miaka sita. Kufikia sasa nimekisoma mara nyingi kumliko.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Nilikuwa nikimsomea huku natafsiri papo hapo, na nikakwama kwenye majina. Kwa Kiingereza, Frog na Toad ni viumbe wawili tofauti: mmoja ana ngozi laini na miguu mirefu na hapendi kuwa mbali na maji, mwingine ni mnene, ana ngozi ya vipelevipele na huvumilia nchi kavu. Kwetu sisi wote ni chura. Yaani jina la kitabu linageuka kuwa Chura na Chura ni Marafiki, kama mzaha. Mpwa wangu alilimaliza jambo hilo bila kuniomba ruhusa. Akaweka kidole kwenye picha: "Huyu Mrefu. Huyu Mfupi." Basi, hata hapa wataitwa hivyo.

Mrefu ni wa kijani, Mfupi ni wa kahawia, na ukiacha rangi hizo mbili kitabu hakina makeke. Mandhari ni nyasi, miti, mto na nyumba mbili ndogo. Mrefu ndiye yule rafiki anayeamka mapema na kukupigia simu ukiwa bado kitandani. Mfupi ndiye anayeipokea na kukwambia kesho. Katika hadithi ya kwanza majira ya kuchipua yamefika, theluji inayeyuka, na Mfupi, aliyelala tangu Novemba, anataka aamshwe Mei ikifika nusu. Mrefu anafanya nini? Anachana kurasa za kalenda ya mwenzake moja baada ya nyingine, anachana na ya Aprili, kisha anamwambia Mei imefika. Mfupi anaamini, anatoka nje.

Huo ni uongo, tusiuzungushe. Na Lobel hamwadhibu Mrefu, wala hamfanyi aombe msamaha. Anaacha tu tuelewe sababu yake, ambayo ni kwamba Mrefu bila mwenzake angekaa peke yake mpaka Mei. Rafiki anakuamsha kwa ajili yako na kwa ajili yake pia, na kitabu hakioni haja ya kuzitenganisha sababu hizo. Kwenye hadithi ya kuogelea mambo ni makali zaidi. Mfupi anaona haya kuonekana na nguo yake ya kuogelea, kwa hiyo anabaki majini huku kobe, mijusi, nyoka, kerengende na panya wakijipanga ukingoni kumsubiri atoke. Anapotoka kwa sababu ya baridi, wanacheka. Mrefu naye anacheka. Mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Nikarudi. Hapana, anacheka kweli. Mfupi anachukua nguo zake na kwenda nyumbani, na hadithi imekwisha.

"Sasa hii inafunza nini?" dadangu akauliza kutoka jikoni.

Nilimwelewa. Mimi na yeye tulilelewa na ufahamu wa darasani, ambapo kila hadithi ilikuwa na mkia: tunajifunza nini kutokana na kisa hiki? Alama mbili. Na visa vyetu vya wanyama vingi vinakubali mkia huo bila ubishi. Chukua Kima na Papa, kisa ambacho Edward Steere alikichapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi za Zanzibar mwaka 1870. Kima anamrushia Papa matunda ya mkuyu, wanakuwa marafiki, Papa anamwalika kwao, na katikati ya bahari Kima anagundua kwamba kinachotakiwa ni moyo wake, uwe dawa ya sultani. Nakipenda kisa hicho kuliko ninavyoweza kueleza, na Kima anajiokoa kwa werevu mtupu. Lakini ukihesabu hadithi za urafiki wa wanyama ambazo mimi nilisimuliwa nikiwa mdogo, karibu zote zilinifunza kumchunga rafiki. Hakuna iliyonionyesha marafiki wawili wakikaa tu, siku ya kawaida, mmoja akiwa amenuna.

Hapo ndipo Lobel anapokuwa na uzito, na hapo ndipo hadithi ya mwisho, ile ya barua, inawazidi wenzake wote. (Ile ya Mfupi kujigongesha kichwa ukutani ili apate hadithi ya kumsimulia mgonjwa inamchekesha mtoto, lakini mimi naivumilia tu.) Mfupi ameketi barazani, ana huzuni. Hajawahi kuletewa barua hata siku moja. Mrefu anaketi naye, wanahuzunika pamoja. Halafu anakimbia kwake, anaandika barua, anampa konokono aipeleke. Anarudi kusubiri. Mfupi amekata tamaa kiasi kwamba Mrefu analazimika kumwambia kuwa barua inakuja, ameiandika yeye, na ndani yake amesema hivi na hivi. Kisha wanarudi barazani na kukaa pale pale, safari hii wakiwa na furaha. Konokono anafika baada ya siku nne.

Angalia mpangilio huo. Baraza ni lile lile, wanyama ni wale wale, na sanduku la barua bado ni tupu. Kilichomo ndani ya bahasha kimeshasemwa, kwa hiyo hata siri hakuna. Mwandishi mwingine angemleta konokono upesi ili tuone Mfupi akifungua barua akilia kwa furaha. Lobel anaturefushia kusubiri.

Alikuwa mtu aliyejua kukaa nje ya kundi. Akiwa mtoto aliugua na kukosa sehemu kubwa ya darasa la pili, na aliporudi shuleni michoro yake ya wanyama ndiyo iliyompatia marafiki. Mwaka 1974 aliiambia familia yake kwamba anavutiwa na wanaume. Alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 54, na baadaye binti yake Adrianne alisema anadhani vitabu hivi ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa kujitokeza kwake. Kuna wasomaji ambao wakishajua hilo hawaoni kitu kingine kwenye kurasa hizi. Mimi naona linaongeza, ila baraza lile linasimama hata bila kumjua mwenye mkono.

Kuna kitu sijasema. Mwaka jana rafiki yangu wa tangu sekondari alipoteza kazi akajifungia. Nilimwandikia "uko poa?", nikaona tiki mbili za bluu, kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nikajiambia sawa, kama hataki hataki, na nikawaambia watu ati najilinda. Miezi ikapita hivyo. Nikisoma hadithi ya barua kwa sauti, kwa mtoto, nilisikia koo likikauka mahali ambapo hapakuwa na neno gumu.

Lakini Lobel naye hakuacha jambo hilo liwe jepesi. Katika kitabu cha mwisho cha mfululizo huu, cha 1979, Mrefu anaacha ujumbe kwamba anataka kuwa peke yake. Mfupi anashikwa na wasiwasi, anafunga mikate na chai baridi, anamfuata mpaka kisiwani juu ya mgongo wa kobe, anatumbukia majini, chai inamwagika. Na kumbe Mrefu hakuwa na huzuni hata kidogo. Alitaka tu kutulia na kufikiria jinsi maisha yalivyo mazuri. Kwa hiyo nani anajua lini ni wakati wa kwenda, na lini ni wakati wa kumwacha mtu?

Mpwa wangu ana lalamiko lake, la kiufundi. "Anti, si angempa shomoro? Shomoro anaruka." Nikamwambia pengine shomoro hakuwepo. Akafungua nyuma hadi kwenye hadithi ya kitufe kilichopotea, akanionyesha shomoro, akanitazama kama wakili.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu bila kutuma meseji. Rafiki yangu alifungua mlango baada ya kubisha mara ya tatu. Stima zilikuwa zimepotea jengo zima, tukakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimebeba chapati sita kwenye mfuko, na mpaka leo sijui kama alinitaka pale, au kama nilikuwa Mfupi aliyelowa, na mikate yake mkononi.