Vidole Vyangu Bado Vinakata Samaki!

Mwenzangu, kama una presentesheni wiki ijayo na mada uliyopewa ni usimulizi katika magemu, simama hapo hapo! Usifungue slaidi hata moja, usinakili fasili ya mtaalamu yeyote. Njoo kwanza nikuambie nilichotoka kukishika sasa hivi. Nimecheza What Remains of Edith Finch kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkao mmoja, chai imepoa mezani, simu imeita nikaiacha iite. Nilipoweka chini pedi ya kuchezea gemu nilitamani nimkamate mpita njia yeyote, nimketishe kwa nguvu, nimwambie cheza, cheza na wewe uipate taabu hii tamu!

Najua, gemu lenyewe si jipya. Lilitoka Aprili 2017, kazi ya kampuni ndogo ya Giant Sparrow ya California chini ya mbunifu wake mkuu Ian Dallas, na mwaka 2018 likaondoka na tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Hizo sifa zote nilikuwa nazijua kwa masikio. Mikono ndiyo ilikuwa haijui! Na mikono, ndugu yangu, ndiyo presentesheni yako yote. Utaona.

Haya, ingia nami. Wewe ni Edith, binti wa miaka 17, unarudi kwenye nyumba ya ukoo wenu katika kisiwa cha Orcas, jimbo la Washington, Marekani. Finch mwingine aliye hai hakuna, umebaki peke yako. Na nyumba hiyo jamani! Imepanda juu kama imekosa adabu, chumba juu ya chumba, ngazi za nje, vijidirisha vya ajabu ajabu, vitabu hadi jikoni, hadi kwenye korido, hadi usipotarajia. Kila aliyekufa chumba chake kimeachwa vile vile, kitanda kilivyotandikwa, viatu vilivyovuliwa. Mama yake Edith aliiziba milango yote ya vyumba hivyo. Bibi wa mama huyo, bibi kizee mtundu kwelikweli anayeitwa Edie, akaja akaitoboa matundu ya kuchungulia! Kwa hiyo unapita korido unachungulia tundu moja baada ya jingine kama mtoto mkorofi, halafu unagundua ule ufunguo ulioachiwa na mama haufungui mlango wowote. Unafungua kitabu. Kitabu! Nyuma yake kuna njia ya siri, na nyuma ya njia ya siri kuna chumba, na nyuma ya chumba... na bado!

Maneno yenyewe ya simulizi hayakai chini ya skrini kwa adabu kama tafsiri za filamu. Yanaelea. Yanajiandika hewani juu ya nyasi, yanazunguka kizingiti cha mlango, yanakuongoza macho utazame wapi, ukiyapita yanapeperuka. Kuna kisa cha mtoto anarusha tiara ufukweni wakati wa harusi ya baba yake, na yeye harusi hiyo haitaki hata kidogo. Wewe unaendesha tiara, na tiara inayapiga maneno huko angani, inayakokota, upepo unakuwa mkali, viti vya harusi vinaanza kuruka! Nilikuwa nimekunja shingo kama mimi ndiye nashika uzi.

Basi kila ukiingia chumba unakuta kitu: shajara, barua, picha, kijitabu cha katuni. Ukikishika, unakuwa yule marehemu katika dakika zake za mwisho. Na hapa ndipo nilipopiga kelele peke yangu chumbani, maana kila mmoja anachezwa kivyake kabisa! Wa kwanza ni Molly, mwaka ni 1947, mtoto amelazwa bila chakula cha jioni. Njaa inamuuma, na wewe inakuuma. Unazunguka chumbani unakula chochote: karoti ya kipanya chake, dawa ya meno, matunda ya kwenye ua la mapambo. Mara unakuwa paka unamkimbiza ndege juu ya matawi. Mara bundi. Mara papa, tena papa anayebingirika kutoka mlimani katikati ya msitu, anagonga miti, anateleza, anatumbukia baharini! Nimecheka hadi machozi. Na kicheko hakijaisha ukawa dude la baharini lenye mikono mirefu ya kunata, unapanda melini kimya kimya, unameza mabaharia mmoja mmoja, na unajishtukia: unawatafuta. Unataka mwingine. Molly ana njaa, na vidole vyako vimeshakuwa na njaa yake. Halafu lile dude linaanza kurudi nyumbani. Sisemi linaingilia wapi, lakini leo usiku utachungulia mvunguni.

Umeona mambo? Kitabu kingekuambia Molly alikuwa na njaa ukamhurumia. Filamu ingekuonyesha ukaogopa. Hili gemu limekufanya umle baharia kwa hiari yako, ukaona raha, kisha ukajitazama.

Halafu Calvin, mvulana wa miaka 11, kwenye bembea iliyofungwa kwenye mti ukingoni mwa jabali, chini bahari. Mguu mmoja umefungwa hogo. Unachofanya ni kusukuma miguu tu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa vidole gumba. Basi! Lakini ile mizani ya kwenda na kurudi inakuingia mwilini, nilijikuta nayumba kitini, tawi linalia, upepo, juu zaidi, juu zaidi, unaona kabisa kwamba hili halitaisha vizuri na bado unasukuma kwa sababu, yaani, nani aliyewahi kuwa kwenye bembea asitake kuizungusha mzunguko mzima? Nani? Nilisukuma. Na wewe utasukuma.

Yuko Barbara, aliyekuwa nyota wa filamu utotoni, kisa chake kinachezwa ndani ya kurasa za katuni za kutisha, unaruka kisanduku kimoja hadi kingine. Yuko Walter aliyejifungia chini ya nyumba miaka 30, anakula chakula cha kopo kile kile. Yuko kichanga aliye kwenye beseni la kuogea na chura wake wa kuchezea. Kama una mtoto mdogo nyumbani, hapo jiandae, mimi niliweka pedi pembeni nikapumua kwanza.

Lakini Lewis. Lewis! Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo kwenye alama zako.

Lewis ni kaka yake Edith, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Kidole gumba cha kulia ndicho mkono wake wa kazi: samaki anateleza mbele yako, unamshika, unamsogeza kwenye kisu cha mashine, kichwa kinaruka, unamtupa kwenye mkanda, anakuja mwingine. Shika, sogeza, kata, tupa. Shika, sogeza, kata, tupa. Sauti yake ni ya maji maji, nzito, mbaya, unaisikia hadi kwenye meno. Dakika ya kwanza unakuwa makini sana, unaogopa hata kukata vidole. Wakati huo barua ya daktari wake wa akili inasomwa, inasema Lewis alianza kuwaza mambo mengine akiwa kazini. Na pembeni ya skrini kinatokea kijidude kidogo, kijiramani cha njia za kupinda pinda, na kidole gumba cha kushoto kinapewa kazi yake: mwongoze mtu mdogo atembee humo. Huku samaki, huku safari. Mwanzoni unachanganyikiwa kabisa, unasimamisha mtu ukate samaki, unasahau samaki umwongoze mtu, unacheka mwenyewe.

Kisha ile njozi inakua. Polepole sana, huioni ikikua. Njia zinapata rangi, zinapata mji, muziki unapanda, watu wanakushangilia, unapanda chombo unasafiri mtoni, bandari moja hadi nyingine, wewe sasa ni mfalme, dunia ile imekuwa pana na nzuri na imefunika skrini nzima, na kiwanda hukioni tena. Na mkono wa kulia? Mwenzangu! Mkono wa kulia bado unakata! Shika, sogeza, kata, tupa, wenyewe, bila kuuambia, bila kuutazama! Nilipoushtukia nilisisimka kuanzia kisogoni hadi unyayoni. Hakuna aliyenieleza maana ya kijana ambaye mwili uko kazini na roho imeshahama. Nilikuwa yeye. Mkono wangu ulikuwa wake. Mwishoni kuna taji linamsubiri mfalme, na mfalme anapaswa kuinama alipokee, na ninaishia hapo, sitamwaga mtama.

Sasa presentesheni. Nakusihi, usisimame mbele ya darasa na slaidi 30 ukasimulia nani alikufa vipi! Mhadhiri atasinzia na wewe mwenyewe utasinzia. Beba kompyuta, beba pedi, omba projekta, na umwite mbele mtu ambaye hajawahi kushika gemu maishani mwake, yule anayesema magemu ni ya watoto, huyo huyo. Mpe Lewis. Ukishamaliza gemu unaweza kurudia kisa chochote unachotaka, kwa hiyo huhitaji kuwachosha na saa mbili nzima. Darasa liambie litazame mkono wake wa kulia, lisitazame skrini. Litazame kile kidole kinavyoendelea chenyewe. Hapo nyamaza! Wakishaona, ndipo uweke nadharia yako, na iwe fupi. Ukitaka jina la kutaja, mtaje Clint Hocking, mtengeneza gemu wa Kanada, ambaye mwaka 2007 aliandika kuhusu gemu la BioShock akalalamika kwamba hadithi inasema lake na mikono ya mchezaji inafanya jingine. Kwa Lewis mikono na hadithi ni kitu kimoja, na darasa zima limeshuhudia.

Ila waambie mapema, kabla hujawasha chochote, kwamba kisa hiki kinagusa mtu kujiua. Darasani kuna watu wamefiwa, na anayetaka kutoka nje atoke kwa heshima. Jingine, simulizi yote ni ya Kiingereza, Kiswahili hamna. Muweke mwenzako mwenye sauti nzuri pembeni asome ile barua ya daktari kwa Kiswahili mlichokiandaa, taratibu, akifuata mwendo wa muziki. Wallahi natamani niwepo!

Lazima atatokea mjuaji wa nyuma kabisa aseme, hili si gemu, hakuna kushinda, hakuna kuchagua, unatembea tu na kufungua milango. Usikasirike, swali lake ni zawadi! Mpe pedi acheze bembea ya Calvin, kisha muulize ilikuwaje. Alijua kitakachotokea? Alijua. Alikuwa na uwezo wa kuacha? Pedi ilikuwa mkononi mwake, angeweza kuiweka chini wakati wowote. Mbona alisukuma? Mimi sehemu hiyo ndiyo iliyonivuruga kuliko zote, kwamba gemu halikuninyang'anya uamuzi. Liliufanya uwe mtamu mno kuukataa. Kuna magemu makubwa makubwa yanakupa miisho chungu nzima ya kuchagua, na hakuna hata mmoja ulionishika koo namna hii. Labda nasema hivi kwa sababu bado nina joto lake, lakini nasema!

Na bado! Ukishaonja hili, kitafute na kitu kinaitwa Brothers: A Tale of Two Sons, cha mwaka 2013, kilichoongozwa na Josef Fares. Kaka mkubwa yuko kwenye kidole gumba cha kushoto, mdogo kwenye cha kulia, kila mmoja na kitufe chake kimoja tu cha kufanyia kila kitu, na wanazungumza lugha ambayo haipo duniani na unawaelewa kabisa. Mdogo anaogopa maji, basi kila penye maji kaka ndiye anayeogelea na mdogo anamng'ang'ania mgongoni. Sasa mwishoni kabisa kuna maji, na mdogo amesimama mbele yake, na wewe una vile vitufe viwili mkononi... Nikikuambia unabonyeza kipi utaninunia mwaka mzima. Pedi yangu iko bure kuanzia kesho, njoo uichukue na waya wake, ila uje na betri, maana za kwangu Lewis amezimaliza.