Ndoo Ilikuwa Wapi?

Kazi ya kukata waridi msimu wa Valentine ilifanywa kwa ustadi. Mikato ilikuwa ya mshazari na safi, wapangaji gredi hawakuchanganya urefu, chumba cha baridi kilishika nyuzi 2. Sifa hizo wafanyakazi wanastahili. Ninachokuja nacho ni uamuzi mmoja uliofanywa katika shamba lililo kando ya Moi South Lake Road, si mbali na steji ya Karagita: kuondoa ndoo za maji ndani ya grinihausi ili troli ibebe mashina mengi zaidi. Waridi likakatwa, likafungwa kwenye wavu, likalazwa kavu kijiani hadi troli ijae. Tena saa sita mchana. Uamuzi huo ulikuwa kosa, na baridi yote iliyofuata haikuweza kulifuta.

Turudi kwenye mkato wenyewe. Ndani ya shina, maji huvutwa kutoka juu. Henry Dixon na John Joly walilieleza hilo kule Dublin mwaka 1894: jani linapopoteza mvuke, uzi wa maji ndani ya zailemu, mirija inayopitisha maji, hukazwa kutoka jani hadi mzizi. Mkasi ukikata uzi uliokazwa, maji hurudi ndani na hewa huyafuata. Asubuhi na mapema mvutano ni mdogo. Saa sita, plastiki ya grinihausi ikiwa imekusanya joto la jua la Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mvutano umepanda. Aliyechagua saa hiyo alichagua wakati ambao shina hufyonza hewa kwa nguvu zaidi.

Kisha akaliacha shina hewani. Hapa ndipo nisipoweza kunyamaza. Mirija ya zailemu ni seli zilizokufa. Utando, saitoplazimu na kiini vimekwisha, zimebaki kuta ngumu zenye lignini. Kifo hicho ndicho kinachoipa mirija uwazi wa kupitisha maji, na ndicho kinachoinyima uwezo wa kujitibu. Shina likiingizwa majini mara moja, hewa iliyoingia huwa kidogo na maji hupata nafasi ya kuiyeyusha na kushika njia. Likilala kavu, mapovu hukaa, huku majani yaliyo juu yakiendelea kupoteza maji kupitia vitundu vya stomata. Nazo stomata za waridi lililokuzwa kwenye unyevu mwingi mara nyingi hazifungi sawasawa. Seli linzi zake hazikuzoea ukame. Kwa hiyo kila dakika ya kijiani ilikuwa hasara upande mmoja bila pato upande wa pili.

Nimeshaandika na nitaandika tena: tunafundisha seli vibaya, na matokeo yake tunayaona mashambani. Ubaoni kiini huchorwa kikubwa, mitokondria hukaririwa hadi kila mtoto azitaje usingizini, halafu vakuoli huachwa kama nafasi nyeupe iliyobaki. Mwanafunzi anatoka sekondari na majina yote ya viungo vya seli, ila hawezi kukwambia kwa nini sukuma wiki hulegea. Baadaye anapewa grinihausi aisimamie.

Katika seli ya mmea iliyokomaa, vakuoli huweza kujaza hadi asilimia 90 ya nafasi yote. Ndani yake mna maji, sukari, chumvi na asidi. Katika petali ya waridi jekundu mna pia anthosayanini, yaani ule wekundu tunaouuza. Maji huingia kwa osmosi, vakuoli huvimba na kuibana saitoplazimu kwenye ukuta wa selulosi, na ukuta hujibu kwa kusukuma. Msukumo huo unaweza kuzidi ule wa tairi la matatu. Wilhelm Pfeffer aliuchunguza mwaka 1877 kwa chombo cha udongo chenye utando bandia. Leo tuna kompyuta zinazosoma unyevu wa grinihausi mchana na usiku, na bado tumelifanya jambo ambalo chombo kile cha udongo kingetuonya tusilifanye.

Tazama shingo ya waridi, kipande kile kilicho chini ya ua. Tishu yake ni changa na lignini yake ni haba. Kinachobeba uzito wa ua ni msukumo wa vakuoli. Maji yakipungua, shingo inainama kabla petali hazijaonyesha dalili yoyote, na ua lililoinama halina soko kwenye mnada wa Aalsmeer wala kwingineko.

Kufunguka kwa ua pia kunategemea maji hayo. Tumba tunalokata limekwisha kugawanya sehemu kubwa ya seli za petali zake. Kilichobaki ni seli hizo kutanuka. Wanga uliohifadhiwa huvunjwa kuwa sukari, sukari huvuta maji, seli hujaa, petali hujikunjua. Linyime maji, na sukari yote hiyo haina cha kuvuta.

Utetezi niliousikia ni kwamba mashina yatakunywa yakifika chumba cha baridi. Baridi hupunguza kasi ya seli kupumua, pengine hadi nusu au theluthi kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka, na hivyo huokoa sukari. Lakini mrija uliojaa hewa hauzibuliwi na baridi. Mwingine anasema tutakata upya. Sawa, lakini hewa huweza kufika mwisho wa mrija uliokatwa, na mirija mingine ni mirefu kuliko kipande tunachothubutu kupunguza. Tunauza kwa sentimita: shina la 60 likikatwa vya kutosha linakuwa la 50, na bei inashuka nalo.

Nitalinganisha, hata kama wapanga ratiba wa leo hawapendi. Akina mama waliokata karnesheni enzi za shamba la Sulmac walikuwa na ua gumu kuliko waridi, lenye uvumilivu mkubwa, na bado niliowajua hawakuweka shina chini. Walikuwa kazini jua likiwa chini na ndoo ikiwa mguuni. Hakuna aliyewapa somo la zailemu. Walijua kwamba ua lililokatwa bado liko hai, na wakalihudumia hivyo.

Ndoo ni nzito, hilo ni kweli, na migongo ya wakataji wetu inalijua. Dawa yake ni safari zaidi za troli na watu zaidi wa kuisukuma. Msimu ujao ukataji uishe kabla jua halijakaza, ndoo safi yenye maji ya klorini imfuate mkataji mstari kwa mstari, na troli iondoke kwa kuhesabu dakika ambazo shina limekaa hewani, hata ikiwa nusu tupu. Na maua yakirudishwa na mnunuzi, aitwe kujieleza aliyepanga ratiba. Mkataji alikata vizuri.