Tela la Pikipiki Lichaguliwe kwa Mizani, si kwa Ukubwa

Anayetafuta tela la kubebea pikipiki nyuma ya gari dogo huuliza kwanza linabeba kilo ngapi. Swali halina ubaya, ila jibu lake halimsaidii sana. Pikipiki ya safari ndefu kama Honda Africa Twin, tangi likiwa limejaa, ina takriban kilo 230, na Boxer za bodaboda hazifiki hata kilo 150. Nchini Uingereza, ambako kanuni za matela madogo ziko wazi, tela lisilo na breki zake lenyewe linaruhusiwa kufika kilo 750 pamoja na mzigo, mradi lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Tela tupu la kilo 150 likipakiwa Africa Twin linafika kilo 380, mzigo ambao hata gari la kilo 1,000 linaruhusiwa kuuvuta kwa sheria hiyo. Kwa maneno mengine, karibu kila tela sokoni linafaulu mtihani wa uzito, na mtihani ambao wote wanafaulu haumchagulii mtu kitu. Kinacholitenga tela jema na baya ni jambo ambalo muuzaji hulitaja kwa nadra: uzito wa pikipiki utakaa wapi ukilinganisha na ekseli, na ni kiasi gani cha uzito huo kitalalia mpira wa kuungia ulio nyuma ya gari.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa tela halisi lililoundwa makusudi ili uzito wake, mpangilio wa mzigo wake na mahali pa ekseli yake viweze kubadilishwa kimoja kimoja. Walitaka kujua ni nini hasa kinalifanya tela lianze kutikisa mkia gari likienda kasi. Waligundua kwamba kuongeza uzito wa tela peke yake hakukubadili sana utulivu wake kwenye mwendo mkubwa. Vilivyobadilisha mambo ni vitatu: uzito unaolalia mpira wa kuungia, mahali pa ekseli, na jinsi mzigo ulivyotawanywa kuelekea ncha za tela. Sababu yake haina fumbo. Tela likisukumwa kando na upepo au na lori linalopita, matairi yake hushika barabara na kulirudisha kwenye mstari. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya ekseli, uzito wenyewe unaisaidia kazi hiyo. Kikiwa nyuma, unaipinga, na kila myumbo unazaa mwingine mkubwa kuliko uliotangulia. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo nguvu ya kuutuliza myumbo inavyopungua, na ndiyo maana tela lililotulia kwenye kilomita 60 kwa saa linaweza kumshinda dereva kwenye 100.

Sasa tulipigie hesabu tela la pikipiki moja. Tuseme kutoka mpira wa kuungia hadi ekseli ni mita 2.4, na tela likiwa tupu linaulalia mpira kwa kilo 15. Kitovu cha uzito cha pikipiki nyingi za sasa kiko karibu na katikati ya magurudumu yake mawili. Pikipiki ya kilo 230 ikifungwa kitovu hicho kikiwa sentimita 15 mbele ya ekseli, inaongeza mbele kilo 230 mara 0.15 gawa kwa 2.4, yaani kilo 14 na kitu. Jumla mpira unabeba kama kilo 29. Pikipiki hiyohiyo ikirudishwa nyuma ili kitovu kiwe sentimita 15 nyuma ya ekseli, kilo 14 zilezile zinatolewa badala ya kuongezwa, na mpira unabakiwa na chini ya kilo moja. Ni sentimita 30 tu, urefu wa rula moja ya mwanafunzi, na tela limetoka kwenye utulivu likaingia kwenye hatari bila kuongezwa hata gramu moja ya mzigo. Tena sentimita hizo haziamuliwi na dereva siku ya safari. Zimeamuliwa na fundi siku alipochomelea kishikio cha gurudumu la mbele, kwa kuwa pikipiki husimama pale kishikio kilipo. Africa Twin ina kama mita 1.57 kati ya ekseli zake mbili, hivyo kwenye tela letu la mfano kitovu cha gurudumu lake la mbele kinapaswa kuwa kama sentimita 93 mbele ya ekseli ya tela. Kishikio kinachohamishika, chenye matundu kadhaa ya bolti, kina thamani kuliko rangi nzuri na taa za LED.

Mpira ubebe kilo ngapi basi? Hapa ushauri unatofautiana kwa mabara. Waingereza hupendekeza asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Wamarekani husema 10 hadi 15. Mtu anaweza kuuliza tumfuate nani, na kwa nyumba ya magurudumu yenye tani moja na nusu mgogoro huo ni wa kweli, kwa sababu asilimia 15 yake ni kilo 225, na magari madogo mengi ya Ulaya yameruhusiwa kubeba kilo 50 hadi 100 tu kwenye mpira. Kwa tela la pikipiki moja mgogoro unayeyuka. Asilimia 5 ya kilo 380 ni kilo 19, asilimia 10 ni kilo 38, na hata asilimia 15 ni kilo 57. Naona kilo 30 hadi 40 ndizo zinazofaa, maana zinampa mtu akiba bila kulikalisha gari nyuma. Jambo lisilopaswa kupuuzwa ni mpira wenyewe. Wa Ulaya una kipenyo cha milimita 50, wa Marekani unaotumika sana una inchi 2, yaani milimita 50.8. Kichwa cha tela kilichotengenezwa kwa inchi 2 kikiwekwa juu ya mpira wa milimita 50 kinacheza, na mbele ya tela ikiwa nyepesi mno, tuta moja linatosha kukinyanyua.

Wapo watakaosema: nunua tela kubwa, la ekseli mbili au la kubebea gari, usumbuke nini na sentimita? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tela refu lina umbali mkubwa kati ya mpira na ekseli, na umbali huo hutuliza. Lakini springi zilizopimwa kubeba tani moja na zaidi hazibonyei chini ya kilo 230. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, kama zilivyo nyingi za kwetu, tela la namna hiyo huruka badala ya kuelea, na kila mruko unailegeza mikanda inayoishika pikipiki. Afadhali tela dogo ambalo springi zake zinafanya kazi. Udogo huo, hata hivyo, usishuke hadi kwenye magurudumu. Tairi la rimu ya inchi 8 lina kipenyo cha kama sentimita 41, na kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka karibu mara 1,300 kwa dakika. La inchi 13, aina ya 155/70, huzunguka kama mara 970, linapita juu ya mashimo kwa urahisi zaidi, na likipasuka safarini kupata lingine si shida. Tairi la akiba nalo lisining'inizwe mkiani. Uzito uliowekwa mwishoni mwa tela ndio ule ambao majaribio ya Bath yaliutia hatiani.

Pingamizi zito zaidi, hasa Afrika Mashariki, ni la mwenye pikapu: kwa nini tela kabisa? Kwa Boxer sina neno, pikapu inatosha. Kwa kilo 230 hesabu inageuka. Sakafu ya pikapu ikiwa sentimita 80 kutoka chini na ubao wa kupandishia ukiwa na mita 2, wanaosukuma wanapambana na nguvu sawa na kilo 92. Sakafu ya tela ikiwa sentimita 45, ubao huohuo unawadai kilo 52 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watu wawili wanatosha au waitwe majirani. Wengine hutamani ile fremu inayoning'inia moja kwa moja kwenye chuma cha kuvutia, bila magurudumu. Hiyo inalibebesha gari pikipiki nzima, zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho magari madogo mengi yameruhusiwa. Na kuhusu vifaa vya msuguano vinavyouzwa kuzuia myumbo, majaribio yaleyale ya Bath yalionyesha vinasaidia kwenye mwendo wa wastani na kuishiwa nguvu kwenye mwendo mkubwa, pale vinapohitajika zaidi. Havitibu mpangilio mbaya.

Ufungaji ni somo lake lenyewe, lakini unaingia kwenye uchaguzi kwa njia moja: pete za kufungia ziwe nne, zimechomelewa kwenye fremu na si kwenye bati. Mwongozo wa Uingereza unataka mzigo ufungwe kuhimili nguvu sawa na uzito wake wote kuelekea mbele na nusu yake kuelekea kando na nyuma. Kwa pikipiki yetu ni kilo 230 na kilo 115. Bati halivumilii hayo.

Basi ukienda kununua, au kumwagiza fundi wa kuchomelea akuundie, nenda na pikipiki yenyewe, futi kamba na mizani ya kupimia watu. Pakia, funga, weka kipande cha mbao juu ya mizani, kilaze kichwa cha tela juu yake kwa urefu uleule wa mpira wa gari lako, kisha usome. Ikionyesha chini ya kilo 20 na kishikio hakihamishiki, usilipe. Muuzaji akikataa upime, katafute tela lingine.